Saa Sita za Nzembi

Kijiwe cha Kiema fundi viatu, pale Machakos mjini, hakikosi wataalamu. Asubuhi hiyo ya Januari 2002 wote walikuwa wamehitimu urubani. Kalunde, muuza kahawa wao, alimimina vikombe huku jicho likiwa kwenye simu ya Kiema iliyolala kati ya misumari na gundi. Hiyo ndiyo namba aliyompa bintiye Nzembi, aliyepanda ndege Nairobi kwenda London kusomea uuguzi. Tiketi ilisema kuondoka saa sita usiku, kufika saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ilikuwa imegonga saa tatu na robo, simu kimya, na Kalunde alikuwa roho mkononi.

— Kilomita karibu elfu saba kwa masaa sita? Hiyo ni rahisi, alisema Josphat, aitwaye Rubani kwa kuwa aliwahi kufagia uwanja wa ndege miezi miwili. Ndege inapanda juu inatulia. Dunia inazunguka yenyewe mpaka London inakuja chini yake.

— Sasa mbona hawajafika? Kalunde aliuliza.

— Imekwama nyuma ya ingine, akadakia Matairi, dereva mstaafu wa lori. Mimi nikipeleka mahindi Thika nikutane na trela kwa kona, hiyo siku nalala Matuu.

— Kwani huko juu kuna kona?

— Mama Nzembi, na hiyo giza yote, nani ameangalia?

— Ilisimama Sudan, Kiema akasema akigonga msumari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwezi pita kwa boma ya mtu hivi hivi bila chai.

— Ama imepita London, Rubani akamalizia. Breki ya ndege ni upepo. Upepo ikikosekana, inaenda tu.

Kikombe kikamponyoka Kalunde. Hata Rubani aliona amezidisha chumvi.

Muuza maembe mmoja mgeni, Syokau, alikuwa amesimama hapo na beseni lake akingoja kahawa.

— Samahani mama, hiyo saa kumi na mbili ya tiketi ni ya hapa ama ya huko?

Wataalamu wote wakainua macho kutazama jua.

— Kwani jua ya huko si ni hii yetu? Matairi akanong'ona.

Simu ikalia. Kalunde aliinyakua kabla Kiema hajaweka nyundo chini.

— Mwaitu, mama yangu! Tumefika salama! Huku ndio saa kumi na mbili na nusu, bado kuna giza!

Kalunde alipiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka nje. Alicheka, akalia, akamkumbatia Syokau na beseni lake. Mtoto wa muuza kahawa amevuka dunia! Alilisema hilo mara tatu, ili asiyetaka kusikia naye asikie. Kisha akammiminia Syokau kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

— Si nilisema dunia itazunguka? Rubani alitoa kifua mbele. Hata mimi nipe yangu.

— Yako iko njiani, Rubani. Itafika saa kumi na mbili, na usiniulize ni ya hapa ama ya huko.