Maharagi Yaliyoiva Njiani

PERPÉTUE: Haloo! Haloo! Mwenye simu hii, mwanangu, hayuko, ameenda shamba Rugaaga! Uite magaribi!

NABINTU: Mama, musikate! Ni miye—

PERPÉTUE: Miye nani? Simu iko na upepo mingi.

NABINTU: Nabintu, Mama! Bibi ya Emery wenu! Niko Mbarara!

PERPÉTUE: Eh, Mama Joël! Mbona sauti yako ni kama ya mutu iko ndani ya pipa?

NABINTU: Ni mutandao. Jambo, Mama. Mulishinda muzuri? Mutoto?

PERPÉTUE: Tulishinda, Mungu asifiwe. Mutoto iko hapa mugongoni. Alikunywa uji yote, akatapika nusu, sasa amelala.

NABINTU: (anacheka) Asante, Mama. Lakini kule nyumbani simu haishikake. Muko fasi gani?

PERPÉTUE: Niko hapa kilimani, kwa kanisa. Nilikuwa napita tu.

NABINTU: Munapita?

PERPÉTUE: Napita. Mutu hapiti? (kando) Nyamazeni ninyi! Ndiyo, ni yeye!

NABINTU: Nani bako hapo?

PERPÉTUE: Hakuna mutu. Goretti tu. Na Yudita. Na bale bamama ba kwaya. Nao banapita.

NABINTU: Tangu saa ngapi?

PERPÉTUE: Utamaliza inite zako za simu kwa kuuliza saa? Sema! Maharagi iliiva ao haikuiva?

NABINTU: Mama, si mulisema mwanamuke mwenye kunyonyesha haendi kujisifu mbele ya—

PERPÉTUE: Nilisema mingi. Maharagi!

NABINTU: Bon. Asubuhi, saa kumi na mbili, nilitoa sufuria kwa moto. Ilichemka kidogo tu, mulijionea. Nikaitia ndani ya kitunga, nikafunika na ule muto wa mabaki ya nguo, nikafunga kamba. Tukapanda gari. Tunafika kwa kizuizi, polisi ananiambia, "Wewe mama, hapa ndani iko nini? Fungua!"

PERPÉTUE: Ukafungua?!

NABINTU: Ningefungua, moto ingetoka, na mashindano yangu ingekufa palepale barabarani! Nikamwambia, "Afande, ni maharagi, iko inaiva." Akagusa kitunga inje. Baridi. Akaniambia, "Inaivaje na hakuna moto?" Nikasema, "Njo hiyo naenda kuonyesha majaji." Alicheka, Mama, mupaka kofia ikaanguka. Akasema, "Genda, nenda. Jioni ukirudi niletee sahani."

PERPÉTUE: (anacheka) Polisi na tumbo!

NABINTU: Basi, kufika ukumbini, tuko batu kumi na mbili. Kila mutu dakika tatu, na Kiingereza. Miye niko wa kumi na moja. Wenzangu bana komputa, bana picha kwa ukuta, bana tai. Miye na kitunga changu kwa magoti.

PERPÉTUE: Ile Kiingereza ulikuwa unaimba usiku na muchana, ulisema yote?

NABINTU: Mama... (mtandao unakwaruza) ...likimbia.

PERPÉTUE: Nani alikimbia?

NABINTU: Kiingereza! Nilishika mikro, yote ikakimbia. Sikubaki hata na "good afternoon". Na pale pale kuna mutoto akalia nyuma ya ukumbi, na ninyi munajua maziwa, haiulizake ni mutoto wa nani. Ikashuka. Blauzi yote ikaloa.

PERPÉTUE: Yesu wangu! Mbele ya babwana?

NABINTU: Mbele ya bote! Nikakumbatia kitunga, nikajificha nyuma yake. Nikataka kushuka jukwaani. Kisha kuna jaji mumoja, mama mukubwa wa mwili, anapikisha kwa shule ya wasichana mia ine. Akaniambia na Kiswahili, "Mama, ongea vile unaongeaka nyumbani. Sisi tunasikia."

PERPÉTUE: Mungu amubariki huyo.

NABINTU: Alors, nikaacha kusema. Nikafungua tu.

PERPÉTUE: Na?

NABINTU: Mv— (mtandao unakwaruza)

PERPÉTUE: Na? Haloo? Mama Joël! (kando) Ngojeni, haijakatika—

NABINTU: Mvuke, Mama! Mvuke ilipanda mupaka kwa uso wangu! Saa nane na nusu, tangu asubuhi, na bado iko moto! Harufu ya kitunguu ikajaa ukumbi wote. Bale ba komputa bakainuka kutazama. Na miye nilisahau vijiko! Ule mama akaingiza vidole, akabonda haragi moja, akakula. Akaniangalia. Akaingiza tena.

PERPÉTUE: (kando) Amekula na vidole! Jaji! (vigelegele) Mwaamusha mutoto ninyi!

NABINTU: Nawasikia bale munapita nao.

PERPÉTUE: Endelea.

NABINTU: Akaniuliza, "Nani alikufundisha hii?" Nikasema ni mama mukwe wangu. Nikasema, anaitwa Perpétue, iko Rubondo.

PERPÉTUE: Ulisema jina langu?

NABINTU: Ndani ya mikro. Batu bakapiga makofi.

PERPÉTUE: Kwa miye? Na siko hapo?

NABINTU: Kwa ninyi. Kisha akauliza tena. "Na huyo mama mukwe, yeye alijifunza wapi?"

PERPÉTUE: Ukajibu nini?

NABINTU: Nilisema, hiyo ni yake. Siwezi kuisema fasi yake. Mama? Mungali hapo?

PERPÉTUE: Niko. Ulifanya muzuri, mwanangu.

NABINTU: Sikujua kama ningewakosea. Ninyi muliniambiaka tu ni juu ya kuni iko mbali.

PERPÉTUE: Hapa, ndiyo, kuni iko mbali. Kule pori kuni ilikuwa mingi. Kitu ilikuwa mubaya ni moshi. Mwaka ile tulikimbia vita, mwenye alipika muchana, moshi yake ilionekana, na benye bunduki bakakuja. Sasa nilikuwa nachemsha kidogo alfajiri, nazima, nafunika sufuria na nguo zetu zote. Sisi tunabaki na baridi, maharagi inabaki na moto. Emery alikuwa mudogo, analia njaa, namwambia, ngoja, iko inaiva, hata kama huioni. Basi. Njo hiyo tu.

NABINTU: Mama...

PERPÉTUE: Usinililie kwa simu. Haujaniambia. Ulishinda?

NABINTU: Wa pili!

PERPÉTUE: Wa pili juu ya kumi na mbili? (kando) Wa pili! (vigelegele) Na wa kwanza ni nani?

NABINTU: Bwana mumoja wa hapa. Ana kitu kwa simu, inakuambia bei ya ng'ombe.

PERPÉTUE: Na hiyo simu yake, majaji baliikula?

NABINTU: (anacheka sana) Hapana, Mama!

PERPÉTUE: Alors! Na wa pili banapewa nini?

NABINTU: Mashine ya kushona, ya kukanyaga na miguu! Imefungwa juu ya gari, naiona hapa. Sitashona tena ile mito na mukono. Na ule mama wa shule anataka kitunga moja kubwa, ya sufuria ya shule. Kama itafaulu, ataomba zingine. Jumanne nirudi kumuonyesha. Na akasema, "Kuja na mama mukwe wako."

PERPÉTUE: Miye? Mbarara? Sijui Kiingereza.

NABINTU: Kwani miye naijua? Mulisikia ilikimbia.

PERPÉTUE: Jumanne ni siku ya kulima.

NABINTU: Mama.

PERPÉTUE: ...Nitalima Jumatatu.

NABINTU: Kweli?

PERPÉTUE: Lakini sikiliza. Umwambie ule mama aloweke maharagi tangu Jumatatu magaribi. Siyo ya mwaka jana, ile inakataaka kuiva. Na akiuliza ile neno yake, fasi gani nilijifunza, nitamujibu mwenyewe, na kinywa yangu, kazi ikiisha. Umesikia?

NABINTU: Nimesikia, Mama. Inite zinalia, zinaisha—

PERPÉTUE: Na hao wapishi wake, ba shule, wasinifunulie sufuria! Mutu akifunua mbele ya saa yake, namutoa jikoni, hata kama ni mwalimu mukubwa, namu—

NABINTU: Bien, Mama! Dereva ananiita, tunaonana ma—

PERPÉTUE: Haloo? Haloo? (kando) Imekatika. Yudita, shika mutoto. Nani hapa alishafika Mbarara, aniambie jiko la batu mia ine linafananaka na nini?