Bi Hakiki na Mapacha Waliosomwa Kama Mtoto Mmoja

Ndugu, majirani na marafiki, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, nami naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili kati ya watano wa baba dereva wa lori na mama mshona nguo, na tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi, akifunga mlango anarudi kuusukuma, akitumwa dukani anakariri vitu njia nzima huku wenzake wakimcheka. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari hadi 1989, na mwaka 1991 akapata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu za hospitali.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa kuwa karani wa madai ya bima katika hospitali ileile alikozaliwa, kwenye chumba chenye dirisha moja na makabati ya chuma yasiyofungika vizuri, kazi yake ikiwa kuiandikia bima ni nani anatibiwa, ugonjwa gani, na tangu lini, na hapo ndipo alipojifunza kwamba tarakimu moja ikikosewa, mgonjwa anabaki kwenye benchi akisubiri. Kompyuta zilipoletwa wenzake walizikimbia, yeye akaketi nazo, akasoma masomo ya jioni miaka mitatu, akawa mwandishi wa programu.

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa na seremala aliyeitwa kutengeneza yale makabati, ambaye ilibidi arudi mara tatu kwa sababu karani hakuridhika na bawaba, na mara ya nne akarudi bila kuitwa. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 2000 na wa kiume mwaka 2004.

Mwaka 2011 alihamia ofisi iliyokuwa ikitunza maktaba ya programu za madai, yaani programu zilizo tayari, ambazo hospitali nyingi huziweka ndani ya mifumo yao ili zisome na kuandika mafaili ya bima, na kwa kuwa kila aliyemletea kazi aliulizwa, "Umehakiki?", jina la Bi Hakiki likamganda, mpaka mumewe akalitumia.

Tarehe 5 Februari 2024 alitoa toleo jipya la programu hizo, lililoondoa madai yaliyotumwa mara mbili, na watu wakampongeza. Asubuhi ya tarehe 21 Mei muuguzi wa wodi ya watoto wachanga alimpigia simu akasema, "Mama, nina mapacha hapa, wote wahamishiwe hospitali ya moyo, mmoja amekubaliwa, huyu wa pili mfumo unasema ndiye yuleyule, na huyu ndiye anayehema kwa shida." Alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya kompyuta ya wodi bila kuvua koti, akaona watoto wawili ambao bado hawajapewa majina, wote wameandikwa "mtoto wa kike", mama mmoja, tarehe moja, wamepishana dakika kumi na moja tu, na ile programu haikutazama saa. "Ni mimi," alimwambia muuguzi, "huu ni mkono wangu." Muuguzi akamjibu, "Tutalia baadaye mama, sasa hivi nifanyeje?" Wakaandika dai kwa kalamu, akalipeleka mwenyewe bima, na saa tisa alasiri mtoto akaondoka na gari la wagonjwa, na hadi leo yu hai.

Kusahihisha programu itazame saa ya kuzaliwa pale ilipoandikwa kulichukua siku mbili, lakini hofu haikumtoka, kwani alijiuliza ni mapacha wangapi wengine waliounganishwa tangu Februari, akazipigia hospitali zote, akapitia madai yote yaliyokataliwa, akapata watoto arobaini na mmoja, na kwa siku kumi na tisa aliwatafuta mmoja mmoja. Arobaini walikuwa wametibiwa. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki, na daktari wake aliandika barua kueleza kwamba dai halikuhusika, nayo barua marehemu aliisoma mara nyingi kuliko tulivyopenda.

Katika siku hizo alikuwa na miadi yake ya kliniki, tarehe 23 Mei, kwa sababu ya maumivu ya kifua aliyokuwa akiyaita uchovu, na mumewe alipomkumbusha alijibu, "Nikimaliza hawa watoto nitakwenda." Alikwenda tarehe 11 Juni, akalazwa siku hiyohiyo, ikabainika kwamba moyo umepanuka, akatibiwa, akaruhusiwa, akarudishwa wodini tarehe 19 Agosti, na tarehe 2 Septemba 2024, saa nne asubuhi, alifariki mumewe akiwa amemshika mkono. Daktari ametuambia kwamba zile siku kumi na tisa zisingebadilisha kitu. Tumemsikia, na tunajitahidi kumwamini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika, waliobeba viti na waliolala nasi, na maseremala wenzake shemeji, mume wa marehemu, waliotengeneza jeneza bila kuombwa. Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake marehemu, ambao jana walikuja kwa shemeji wakiwa hawajui waanzeje, wakamwambia kwamba toleo alilokuwa akilimalizia kitandani liko tayari, linalohitaji saa ya kuzaliwa kwa kila mtoto mchanga, je, walitoe sasa au wasubiri maziko yapite. Shemeji aliwauliza swali moja tu, "Mmehakiki?" Wakasema wamehakiki, mara tatu. Akawaambia walitoe.

Dada, limetoka leo asubuhi, na hospitali zote zimelipokea. Lala sasa, upumzike.