Mwanamkuu binti Hija na Meno ya Watoto wa Kanga

Assalaamu alaykum, ndugu na majirani. Nimeombwa mimi, Mfaume bin Hija, kaka wa marehemu, nieleze maisha yake. Nikitoka njiani kidogo mnivumilie, nitarejea.

Mwanamkuu binti Hija alizaliwa hapa kijijini Kanga mwaka 1926, wakati wa kuvuna mpunga, mtoto wa nne wa Hija bin Pazi na Arafa binti Kombo. Alianza kuota meno ya juu. Wazee mnajua, mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa mkosi, akatolewa nyumbani. Mama yetu alimfunika uso kwa mtandio miezi miwili, kila mgeni akaambiwa mtoto ana mafua, mpaka ya chini nayo yakatoka. Nayasema haya hadharani kwa sababu mwenyewe aliyasema.

Alisoma chuoni kwa Maalim Matano, akahitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili. Shule ya serikali hakuiona. Herufi za kizungu alijifunza mwaka 1962, baada ya Uhuru, katika darasa la watu wazima. Mwalimu wake alikuwa rika la kifungua mimba wake, akimwambia kwanza "Shikamoo mama" ndipo amsahihishe.

Aliolewa mwaka 1943 na Jumanne Kitwana, mvuvi aliyekuja dago, kupiga kambi ya uvuvi, kutoka Kilwa kwa msimu mmoja tu. Msimu wenyewe haujaisha hadi leo.

Mwaka 1964 alichukuliwa kuwa mhudumu wa zahanati, akapelekwa bara mafunzo ya miezi sita. Alirudi na jambo lililowachekesha watu: mtoto aletwe zahanati mara likitoka jino la kwanza.

"Jino moja, tena haliumi, nije kukuonyesha nini?" walimwuliza.

"Nionyeshe hilo hilo. Likishauma utaniletea mtoto anayenichukia."

Aliwafunza akina mama kufuta meno na ufizi kwa kitambaa safi chenye maji, asubuhi na kabla ya kulala, na kuacha kumlaza mtoto na kitambaa cha sukari guru mdomoni. Mimi nilikuwa mtu wa safari, nikirudi na halua ya wajukuu. Aliichukua mkononi mwangu. "Watakula wakishakula wali, kaka, kisha wasukutue." Nadhani nyingine aliila yeye.

Mwaka 1968 alikosea. Kama alivyofunzwa, aliandika daftarini jino la kila mtoto, la juu au la chini, akisoma kwa sauti ili mama asikie. Siku hiyo barazani akasoma: "Mashavu wa Mwamvita. Mawili, ya juu." Neno kigego likapita midomoni mwa watu. Kesho yake bibi wa mtoto, mzaa baba, Bi Bimkubwa, alimchukua Mashavu akampeleka Kisiwa cha Bwejuu akalelewe na watu wengine. Mwamvita akabaki na maziwa yanamchuruzika.

Dada yangu siku ile hakula. Akaniambia, "Nimemtoa mimi, nitamrudisha mimi." Tukavuka pamoja, tukamkuta Bi Bimkubwa angali huko na mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata nini? Si wewe uliyesoma? Daftari la serikali litasema uongo?"

"Daftari ni kweli. Nilisoma meno, mama, sikusoma mkosi."

"Maneno ya zahanati hayo. Ungekuwa na kigego kwako, ungelala naye?"

"Nimelala naye miaka arobaini na miwili. Ni mimi."

Bi Bimkubwa akanigeukia. Nikasema wallahi ni kweli, nilimwona. Hata Jumanne alikuwa hajui, na pale walikuwapo wavuvi wenzake. Dada yangu alijua anaweza kurudi akakuta talaka.

"Na Jumanne anapata samaki?" akauliza bibi.

"Mpaka tunagawa."

Bibi akampa mtoto. Jumanne alipoambiwa alisema, "Miaka ishirini na mitano nakula kwako, leo ndiyo nianze kuogopa meno?"

Tangu hapo aliandika neno moja tu: limetoka. Mkaguzi akimwuliza juu au chini, alimjibu, "Limetoka, bwana." Akina mama wakaacha kuficha vinywa vya watoto. Tulipoingia kijiji cha ujamaa, walipita kwake Jumatatu kabla ya shamba la pamoja, wengine wakija hata kutoka kisiwa cha Juani.

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba, ikaonekana ni moyo. Alilazwa Kilindoni mara mbili. Kilichomsumbua hakikuwa kufa. Aliogopa mgeni atashika daftari, aandike juu na chini, watoto wafichwe tena na kuletwa meno yameshaoza. Akamwita Siwema, mhudumu mpya.

"Utaandikaje, mwanangu?"

"Kama tulivyofunzwa, mama."

Akamkalisha kitandani, akamsimulia habari ya Bwejuu yote. Alifariki jana Ijumaa, tarehe 11 Machi 1977, alasiri, nyumbani kwake.

Ameacha mume, watoto watatu, Iddi, Hija na Kijakazi, wajukuu saba, na mimi kaka yake. Mola amsamehe, amrehemu, ampe utulivu huko aliko.

Siwema ameniomba niseme Jumatatu zahanati itafunguliwa. Mwenye mtoto aliyeota jino, jino lolote, ampeleke.