Trevor Blenkin na Shati la Jumatatu

Marehemu Trevor Stanley Blenkin, mwandishi wa tamthilia na riwaya na mtengenezaji wa filamu, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1946 mjini Hull, katika chumba cha juu cha nyumba namba 7, Uchochoro wa Alma, hatua chache kutoka Barabara ya Hessle. Alikuwa kifungua mimba wa Walter Blenkin, mvuvi wa meli za kaskazini, na Hilda, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kukaushia samaki kwa moshi. Mdogo wake wa kike, Avril, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alizaliwa miaka mitatu baadaye.

Walter alikaa baharini wiki tatu na nyumbani siku tatu. Siku ya kwanza alikuwa baba wa kujivunia, mwenye suti mpya na pipi mfukoni. Siku ya pili alikuwa baa. Siku ya tatu alipiga. Alimpiga Hilda kwa ngumi, kwa mkanda, na Krismasi moja kwa samaki aliyeganda kwa barafu, mpaka mbavu mbili zikavunjika. Watoto walioingilia kati walipata zao. Majirani walisikia kila kitu, maana kuta za Uchochoro wa Alma ni za tofali moja, na walichofanya ni kuongeza sauti ya redio. Humu ndani wamo walioongeza sauti hizo, na Avril anawaona kutoka hapa mbele.

Trevor alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1951. Mwalimu wake wa kwanza aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana akili lakini husema uongo kwa ufasaha mno. Hilda alicheka sana siku ile, akaibandika ripoti juu ya jiko, akawa anawaonyesha wageni: "Mnaona? Wenzake wanafeli hata uongo." Ni kati ya mara chache ambazo Avril anakumbuka mama yao akicheka bila kufunika mdomo kwa mkono.

Inabidi sasa isemwe habari ya Jumatatu ya tarehe 12 Januari 1959, kwa sababu kazi yote ya Trevor ilitoka humo, na kwa sababu barabara hii imekuwa ikiuliza swali moja tangu siku ile: nani alifua? Kwetu, siku anayoingia mume baharini hufui nguo. Ukifua, unamfua na yeye, na bahari inamchukua. Hata mwanamke asiyeamini Mungu aliacha ndoo yake mlangoni siku hiyo.

Asubuhi ile Walter alikuwa anasubiri teksi ya kumpeleka gatini, kwenye meli iitwayo Ellen Thackray. Soksi zake za baharini zilikuwa na unyevunyevu. Kwa kosa hilo alimshika Hilda nywele akamgongesha uso kwenye ukingo wa jiko, mara tatu, bila haraka. Taya lilivunjika kwa sauti ambayo watoto wote wawili waliisikia. Damu ilimrukia Walter kwenye shati lake jeupe. Akalivua, akamtupia mkewe usoni pale sakafuni.

"Nikirudi nilikute jeupe," alisema, akavaa sweta, akatoka. Teksi ilipiga honi mara mbili.

Saa nne Hilda alipelekwa hospitali kwa gari la muuza maziwa. Saa sita shati lile lilikuwa likining'inia kwenye kamba ya uani, jeupe, likichuruzika maji, na kila dirisha la uchochoro likaliona. Tarehe 28 Januari, kaskazini mwa Aisilandi, Ellen Thackray ilizama na watu ishirini. Baraza la uchunguzi lilisema barafu ilijaa kwenye milingoti, meli ikalemewa, ikapinduka. Barabara ya Hessle haikusoma ripoti. Ilikuwa imeona shati.

Wakamwangukia Hilda. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, asingeweza kujitetea hata angetaka. Walivunja madirisha yote ya mbele. Walimmwagia matumbo ya samaki mlangoni. Bi Doreen Cawood, jirani aliyepoteza mume na mtoto wake mkubwa kwenye meli hiyo, alimkamata sokoni akamchapa makofi mpaka waya zikachomoza kwenye fizi. Hilda alijikaza kisabuni. Hata waya zilipotolewa hakumtaja mtu, na alikufa mwaka 1972 akiitwa mchawi na wanawake aliokuwa amewasaidia kuzaa.

Trevor aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano, akaingia gatini kupakua samaki alfajiri. Kiganja cha mkono wake wa kulia kilibaki na kovu la ndoano. Jioni alisoma masomo ya watu wazima, akajiunga na kikundi cha maigizo, na mwaka 1974 akaandika tamthilia yake ya kwanza, Sabuni ya Jumatatu, iliyochezwa kwenye ukumbi wa kanisa hatua mia mbili kutoka hapa. Katika tamthilia hiyo, anayefua shati ni jirani, mwanamke wa kubuni. Kabla sehemu ya pili haijaisha, Bi Doreen alipanda jukwaani.

"Mimi? Unanisingizia mimi, mwana wa mchawi wewe?"

Akamtandika mwigizaji kwa mkoba uliokuwa na kopo la samaki ndani yake. Binti wa watu alishonwa nyuzi tisa. Magazeti ya London yalisikia, yakatuma waandishi, na hivyo ndivyo marehemu alivyopata jina. Alimpelekea yule mwigizaji maua kila mwaka mpaka alipoolewa Kanada.

Tarehe 3 Juni 1978 alifunga ndoa na Pauline Garbutt, mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Pauline anapenda kusimulia kwamba safari yao ya kwanza, alipotaka kumfulia mumewe soksi asubuhi ya kuondoka, Trevor alizificha ndani ya birika la chai.

"Mume wangu, wewe umesoma vitabu vyote hivi na bado unaogopa ndoo?"

"Siogopi ndoo, mke wangu. Naogopa majirani."

Walijaliwa mtoto mmoja, Judith, ambaye baadaye alikunywa chai ya birika hilo hilo na yu hai mpaka leo.

Mwaka 1983 ilitoka riwaya yake, Mpangaji wa Ghorofani, ambamo anayefua shati ni mpangaji aliyekwishahama. Ilipata tuzo. Hapa nyumbani walisema, "Kitabu kizuri, ila sote tunajua ni mama yake." Mtu fulani aliandika neno mchawi kwa rangi nyekundu kwenye kaburi la Hilda. Trevor alilisugua jiwe lile kwa brashi ya waya siku nzima, vidole vikitoka damu, na Avril alikaa kwenye gari akimtazama. Hakushuka. Anaiona aibu ile mpaka leo.

Ndipo Trevor akatengeneza filamu, Kamba ya Uani. Ilionyeshwa hapa Hull Ijumaa tarehe 18 Oktoba 1991. Katika filamu anayefua ni mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili. Taa zilipowashwa, Ron Cawood, mtoto mdogo wa Bi Doreen, alisimama katikati ya ukumbi.

"Trevor! Niambie hapa hapa mbele za watu. Ni wewe?"

"Ni mimi, Ron. Mama hakugusa maji."

Ron alimfuata mpaka baa ya pembeni. Alichukua bilauri, akaipasua kwenye kaunta, akamchoma nayo usoni, kisha akampiga mateke mpaka watu wanne walipomvuta. Jicho la kushoto halikuokolewa. Trevor alikataa kushtaki. Polisi walipomuuliza aliyemfanyia hivyo, alisema ameanguka kwenye ngazi za baa isiyo na ngazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyelichafua tena kaburi la Hilda. Bi Doreen mwenyewe aliweka maua pale kabla hajafa.

Aliendelea kufanya kazi kwa jicho moja: tamthilia sita zaidi, filamu tatu, vitabu viwili. Wachambuzi walimuuliza kwa nini kazi zake zimejaa ngumi na damu, naye alijibu kwamba aliandika alichokiona akiwa jikoni.

Machi mwaka huu aligundulika ana saratani ya mapafu. Kwa kuwa hakuwahi kumwamini mtu mwingine na karatasi, aliandika wasifu wake mwenyewe kitandani, akampa Avril asome. Katika karatasi ile iliandikwa: "Shati lilifuliwa na marehemu."

"Hii siisomi," Avril alisema.

"Utaisoma. Usiniharibie mwisho wangu, Avi."

"Mwisho gani? Umeuandika mara tatu na kila mara unaukosea makusudi."

"Nimelipia kwa jicho, bibi wee. Usinirudishie chenji." Akacheka, akakohoa damu kwenye shuka. Aliporudiwa na pumzi alimshika mdogo wake mkono. "Ulikuwa na miaka tisa. Wangekuua."

Alikata roho Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, saa tatu asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando yake. Avril alikuwa njiani, kwenye basi.

Karatasi mliyoshika si ile aliyoiandika. Avril ameongeza yake, na sentensi moja imefutwa; hii ndiyo iliyowekwa mahali pake.

Shati lilifuliwa na Avril. Hakulifua kwa kutojua. Alilitoa juu ya uso wa mama yake, akaliweka kwenye beseni, akalisugua mpaka maji yakawa mekundu. Trevor aliingia kutoka uani akapiga kelele, "Avril, leo baba anasafiri!" Naye akajibu, "Najua." Alitaka mtu mmoja azame. Alikuwa mtoto, na katika hasira yake hakukumbuka kwamba meli ina watu ishirini. Anajua barafu ndiyo iliyoizamisha, ameisoma ripoti mara nyingi kuliko wakili yeyote. Bado kila akisikia majina ya wale kumi na tisa kanisani, huinamisha kichwa. Kwa Walter hainamishi. Trevor alimwangalia usoni asubuhi ile, akachukua shati mikononi mwake, akalianika yeye, ili mtu akitazama dirishani amwone yeye. Waliotazama waliona shati tu, wakamhesabia mama. Mama yao aliambiwa, akafunga kinywa chake hata waya zilipotoka. Wawili hao walipigwa miaka yote kwa ajili ya mmoja.

Marehemu ameacha mjane, Pauline, binti, Judith, wajukuu wawili, Callum na Edie, na mdogo wake, Avril Suddaby, mwenye umri wa miaka sabini na macho mawili mazima.

Ron Cawood ameketi safu ya tatu, na ameshukuriwa kwa kuja. Baada ya maziko kutakuwa na chai na samaki ukumbini. Avril atasimama mlangoni peke yake, akiwapa watu mkono, kwa yeyote mwenye neno au ngumi.

Trevor apumzike kwa amani. Hapigwi tena kwa niaba ya mtu.