Felistas Nanjala wa Kibomet, Aliyemhoji Mshambuliaji Kupitia Mlango wa Jikoni

Wachungaji wetu, wazee wa Bumula na wa Endebess, majirani wa Kibomet, na ninyi mashabiki wa Saiwa Stars mliokuja na jezi zenu chini ya makoti, familia inawakaribisha, na kabla ya lolote inawajibu walioshangaa kwa nini tunazika Ijumaa badala ya Jumamosi kama ilivyo kawaida yetu: kesho timu inafungua msimu hapa nyumbani, na marehemu mwenyewe aliomba, akiwa bado na nguvu za kuomba, kwamba asizikwe siku ya mechi, kwa kuwa hakutaka watu wakae kwenye hema wakitazama saa.

Marehemu Felistas Nanjala Kimaiyo alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 huko Bumula, Bungoma, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mukhwana Wabwile na marehemu Mama Rodah, na kwa kuwa waliomtangulia wote walikuwa wavulana na mpira wao wa matambara ulihitaji mtu wa kusimama golini, alisimamishwa yeye, akafungwa mabao yasiyohesabika, na huko golini, kwa maelezo yake, ndiko alikoanza kujiuliza kwa nini mtu mwenye nafasi nzuri hutoa pasi, na asiye na nafasi ndiye anayepiga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 hapo hapo Bumula, akamaliza kidato cha nne mjini Bungoma mwaka 1979, ambako mwalimu wa jiografia alilalamika kwa baba yake kwamba msichana huyu ana maswali marefu kuliko kipindi, na mwaka 1981 akaajiriwa kuwa opereta wa simu mjini Kitale, kazi iliyomfaa kuliko mtu yeyote, maana ilimpa ruhusa ya kuuliza kila aliyepiga ni nani, yuko wapi na anataka nini.

Ni kwenye simu hiyo alikompata mume, kwa sababu asubuhi moja mfugaji wa Endebess aitwaye Kimaiyo Kiptanui alipiga akitaka aunganishwe haraka na daktari wa mifugo, naye Nanjala akamwambia, "Nakuunganisha sasa hivi, lakini kwanza niambie, ng'ombe ana nini?" na Kimaiyo, ambaye hakuwa amewahi kuulizwa hivyo na mtu wa mjini, akaeleza mpaka laini ikakatika, akapiga tena, na tena wiki iliyofuata ng'ombe akiwa mzima. Walifunga ndoa kanisani tarehe 16 Agosti 1986, wakajaliwa watoto wawili, Kipkemei mwaka 1988 na Chelagat mwaka 1992, wakajenga hapa Kibomet, na Mzee Kimaiyo atathibitisha mbele yenu kwamba katika miaka hiyo yote alieleweshwa maana ya kuotea kwenye mpira kwa kutumia vijiko, vikombe na hata viatu vya watoto, na hadi leo hajaielewa.

Kazi ya simu ilipokwisha mwaka 1999, alinunua cherehani akashona sare za shule, na ni katika kibanda chake cha ushonaji, redio ikiwa juu ya rafu ya vitambaa, alipoanza mwaka 2008 kupiga simu kwenye kipindi cha michezo cha Jumatatu jioni, hadi mtangazaji Wanjala akawa hafungui kipindi bila kusema, "Tumsikie Mama Felistas kwanza." Mengi aliyoyasema mnayakumbuka, hasa juu ya ratiba, maana kila msimu aliuliza vipi timu itoke Mombasa Jumapili na icheze Kitale Jumatano, na aliuliza bila kuchoka, "Huyu anayepanga mechi saa kumi jioni mwezi wa nane, si aje tu Kitale mara moja asimame pale uwanjani saa kumi, aone mvua ni nini?" Hakuwa sahihi kila mara, na mwenyewe angependa hilo lisomwe: alitangaza kwamba beki mmoja wa kushoto atafika timu ya taifa, kijana akaishia kuuza mabati mjini, na miaka miwili mfululizo alitutabiria ubingwa tukamaliza wa kumi na moja.

Ila kulikuwa na mchezaji mmoja aliyemtatiza, mshambuliaji Wahome, mzaliwa wa hapa hapa Trans-Nzoia, mwenye mbio na shuti kali, lakini ambaye kila akifika karibu na lango aligeukia kushoto hata kama kulia kuko wazi, na katika msimu wa 2017 Mama Felistas alisema redioni kwamba kijana huyo anacheza kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akashauri akae benchi, na uwanja mzima ukaanza kuimba maneno hayo.

Jumamosi tarehe 8 Aprili mwaka huo, Chelagat alileta nyumbani mchumba ambaye jina lake binti alikuwa amekataa katakata kulitaja, na aliyeingia mlangoni akiwa ameinamisha kichwa alikuwa Wahome. Kwa desturi ya kwao Bumula mama mkwe haketi pamoja na mkwe, kwa hiyo marehemu alibaki jikoni, mlango ukiwa wazi nusu, wageni wakala kuku, mpaka sauti ile ya redioni ikatoka jikoni ikiuliza, "Baba, samahani, si kwa ubaya, mbona wewe hugeuki kulia?"

Wahome aliweka kijiko chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, goti. Goti la kulia liliumia zamani. Nikiligeuza naona giza. Kocha hajui, akijua nitaachwa."

Chelagat amesimulia kwamba sauti ilirudi kutoka jikoni imebadilika, bila swali lolote, ikisema, "Mimi sitamwambia kocha wala mtu yeyote. Lakini ukinyamaza, Jumatatu nitakuwa nachambua uongo, na goti litaharibika kabisa. Nenda useme mwenyewe, mwanangu."

Alikwenda, akafanyiwa upasuaji mwezi wa tano, timu haikumwacha lakini ilianza kuporomoka, na kwa kuwa kocha hakueleza sababu ya mshambuliaji kutoonekana, mashabiki walipiga simu kumtukana kwamba ametoroka. Mama Felistas alipomtetea, habari za uchumba zikiwa zimeshaenea, mtu mmoja akasema hewani, "Mama, wewe umenunuliwa na mahari, bana," na Wanjala alipomwomba ajibu, alisema tu, "Ninachokijua kama mzazi hakitoki kwa redio. Ngojeni," akakata simu, na kwa majuma mengi hakupiga tena, akashona sare redio ikiwa imezimwa, jambo lililomtisha Mzee Kimaiyo kuliko ugonjwa wowote.

Tarehe 18 Novemba 2017, mechi ya mwisho ya msimu, Saiwa Stars walihitaji sare dhidi ya wageni kutoka Bungoma ili wasishuke daraja, mvua ilinyesha kama alivyokuwa akisema siku zote, tukawa nyuma kwa bao moja, na zikiwa zimebaki dakika chache Wahome akaingizwa, uwanja ukamzomea, akapokea mpira pembeni, beki akamfungia kushoto kama mabeki wote walivyozoea, naye akageuka kulia, akapita, akamkatia pasi mwenzake Kipchirchir aliyesukuma mpira wavuni, ikawa sare, tukabaki kwenye daraja. Watu waliruka, lakini waliokuwa karibu na marehemu wanasema alibaki ameketi kwenye tope, mikono usoni, akirudia, "Amegeuka. Jamani, mmeona amegeuka?"

Harusi ilifanyika tarehe 9 Desemba, baada ya kuahirishwa mara mbili kwa sababu ya ratiba ya ligi, na marehemu ameacha wajukuu watatu, wawili kwa Chelagat na mmoja kwa Kipkemei.

Mwezi Februari 2024 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakagundua kwamba moyo wake umepanuka, akatibiwa Kitale na Eldoret, akaendelea kupiga simu Jumatatu kwa sentensi fupi fupi. Mwezi uliopita, akiwa barazani na Wahome, maana desturi ile ya kutoketi pamoja ililegezwa baada ya harusi, ambaye sasa ameacha kucheza na anafundisha vijana, alimwuliza jambo alilosema limemsumbua maisha yake yote: "Mkiwa ndani ya uwanja, mnasikia tunavyosema?" Wahome akamjibu kwamba hawasikii kitu, mchezaji husikia pumzi zake tu. "Kwa hivyo miaka hiyo yote nimepiga kelele bure?" Akamwambia, "Za uwanjani ni bure, Mama. Lakini Jumatatu tulikuwa tunakaa kambini timu nzima tunakusikiliza, na mimi nilikuwa nakaa karibu kabisa na redio." Marehemu akasema, "Ungeniambia mapema, ningekuwa naongea polepole."

Alitutoka akiwa usingizini Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu wakijibu maswali yake yote, majirani waliotuchotea maji na kukesha nasi, waliokuwa maopereta wenzake, washonaji wa Kibomet, na Wanjala wa redio ambaye Jumatatu hii aliacha laini wazi dakika nzima bila kusema neno.

Nanjala, msimu huu ulisema tutamaliza wa sita, nasi tutahesabu kwa niaba yako. Lala kwa amani, mama yetu.