Arlys Kopecky na Ndaki Zake Mbili

Padri, majirani na wote mliosafiri kwenye barafu hii, mimi ni Leland, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, Arlys Jean Kopecky, ambaye angekuwepo angeniambia nisome haraka kwa sababu kanisa lina baridi.

Arlys alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, hapa hapa Nebraska, katika shamba la mahindi la wazazi wetu, Emil na Rosalie, akasoma shule ya msingi na ya sekondari mjini hapa, na mwaka 1979 akajiunga na chuo kikuu cha jimbo. Huko alifanya jambo ambalo wazazi wetu hawakulielewa hadi wanaingia kaburini: alisomea udongo katika Ndaki ya Kilimo, na wakati huohuo Kilatini katika Ndaki ya Sanaa, moja mashariki mwa mji na nyingine katikati, kila moja na mkuu wake, mshauri wake na masharti yake. Wenzake wa udongo walimwita Mtawa kwa ajili ya Kilatini chake, wale wa Kilatini walimtania kwamba ananuka zizi, naye alicheka na wote, kisha akala chakula cha mchana peke yake kituo cha basi, kwa kuwa saa ya kula ilimkuta njiani kila siku. Hakutaka kuchagua, alitaka tu watu wa kumwita mwenzao.

Alihitimu Jumamosi, tarehe 12 Mei 1984. Kila ndaki ilikuwa na mahafali yake, asubuhi ileile, na mwenye ndaki mbili huitwa na moja tu, basi Baba akaketi kwa watu wa kilimo na Mama kwa watu wa sanaa, ili popote atakapoitwa awe na mzazi wa kumshangilia. Arlys alikaa na wakulima hadi safu ya mwisho, hakuitwa, akakimbilia kule kwingine na joho lake, mimi na Baba tukiwa nyuma yake, tukamkuta Mama anatoka.

“Kwako ameitwa saa ngapi?” Baba akamwuliza.

“Mimi nilidhani ameitwa kwako.”

Kila ndaki ilikuwa imeiachia nyingine kazi ya kumwita. Arlys akasema, “Wengine hukosekana mahali pamoja tu, mimi nimekosekana pawili kwa mpigo,” tukacheka sote, tukaenda kula, na mezani nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa joho.

Kuanzia 1985 hadi alipostaafu mwaka 2021 alichora ramani za udongo, kaunti kwa kaunti, peke yake kwenye pikapu, na jioni za Jumanne alifundisha Kilatini maktaba ya mji. Alifunga ndoa na Gaylen Vosika tarehe 16 Juni 1990, wakabarikiwa binti mmoja, Corinne, wakaachana mwaka 1998 bila kuchafuana majina.

Septemba 2022 aligundulika na saratani ya kongosho, akauguzwa nyumbani, na Februari 3 mwaka huu, 2023, alfajiri, akafariki huku Corinne amemshika mkono. Miezi yote hiyo wageni walikuwa wachache mno. Watu wa udongo mlidhani watu wa maktaba wanashinda kwake, na watu wa maktaba mlidhani hivyohivyo, nimeyajua haya jana mlipokuwa mkinipa pole, na siwafichi, yameniuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bi. Delphine Sladek aliyeondoa theluji mlangoni bila kuombwa, na ninyi mliofanya naye kazi, ambao nawaona mmeketi wa udongo kushoto na wa Kilatini kulia. Chakula kiko kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, mikate ya nyama na saladi ya viazi, na naomba jambo moja tu, mkifika msitafute meza za wenzenu, changanyikeni, kwa sababu dada yangu alikuwa mtu mmoja.

Arlys, pumzika kwa amani, watu wako wote wako hapa.