Simu ya Zenaida

Ndani ya basi la kwenda mji wa Camagüey, mzee Eliseo alikuwa amepakata simu ya mezani kama mtoto mgonjwa.

“Babu, na hiyo imelipa nauli?” akauliza mama mwenye mfuko wa mihogo.

“Mvua ikinyesha inakoroma tu. Binti yangu akipiga Jumapili kutoka Madrid, hanisikii.”

“Ichomeke kwenye kisanduku cha nje ya nyumba, ujue kama ubovu ni wa simu au wa waya.”

“Nimechomeka. Hata simu ya jirani nilipoichomeka pale pale ilikoroma. Waya wa kampuni ya simu huko mtaani umeoza, lakini wakubwa wao wanataka mwenye laini aje mwenyewe kuripoti.”

“Si ndiyo unaenda?”

“Mwenye laini ni mke wangu, Zenaida. Nilimzika mwaka juzi.”

Mama akauweka mfuko wa mihogo chini, akamgeukia.

“Sasa utawaambiaje?”

“Leo Ijumaa, na binti anapiga keshokutwa. Sitoki pale mpaka waje kupanda ile nguzo na kubadilisha waya.”

Basi likasimama mbele ya ofisi ya simu. Eliseo akashuka, waya wa simu ukiburuzika nyuma yake.